Wasomaji Wanauliza: Pesa ya Michezo Chuoni Hutoka Wapi, Huishia Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinagusa jambo moja: fedha za michezo vyuoni, na namna zinavyogombania nafasi na fedha za masomo. Tumewapa wahasibu wa vyuo na wakufunzi wa michezo wazijibu. Viwango vya shilingi vilivyomo kwenye hesabu ni vya mfano tu. Chukua njia ya kukokotoa, bei weka za kwenu.

SWALI: Mimi ni waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Tabora mjini. Pamoja na ada tunalipa na pesa ya michezo. Mwaka huu tumepata mipira miwili, na mmoja umeshapasuka. Nikiuliza naambiwa fedha hazijaingia. Wenzangu wanadai zimenunua vitabu vya maktaba. Tufanyeje?
*Waziri wa Michezo, Tabora*

JIBU: Mheshimiwa Waziri, msiilaumu maktaba kabla hamjaiona bajeti. Mara nyingi pesa ya michezo huishia mahali pengine kabisa.

Chuo cha serikali kinaendeshwa kwa mishahara inayolipwa na Hazina, fedha za matumizi mengineyo, fedha za miradi ya maendeleo, na makusanyo ya ndani, yaani ada, hosteli, kozi fupi, kukodisha ukumbi na mengineyo. Mishahara ya wakufunzi ndiyo gharama kubwa kuliko zote za taaluma, na kwa sehemu kubwa haimsumbui mkuu wa chuo kwa sababu inatoka Hazina. Michezo haina mlezi wa namna hiyo. Karibu yote inategemea makusanyo ya ndani. Kwenye vyuo vya binafsi na vya dini hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ada ileile inalipa mwalimu, umeme na jezi.

Jambo la pili ni kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hugharamia chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Michezo haimo. Kwa hiyo mchango wa michezo unatoka mfukoni kwa mzazi, awe anauza mawese Kasulu au analima tumbaku Urambo. Mna haki ya kuuliza ulikokwenda.

Sasa tuangalie unakopotelea. Ukilipa kwa namba ya malipo, pesa yako inaingia akaunti moja na mapato mengine yote. Kinachoitenganisha ni kasma, yaani fungu la matumizi kwenye bajeti, basi. Kasma ikiandikwa "Michezo", inaweza kufuatiliwa. Ikiandikwa "Ustawi wa Wanafunzi", ndani yake mna mahafali, matibabu, uchaguzi wa serikali yenu na sherehe ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza. Anayewahi kuandika dokezo, yaani ombi la fedha la ndani ya ofisi, ndiye anayekula, na michezo mara nyingi huwa ya mwisho kwa sababu tarehe za mashindano hutangazwa kwa kuchelewa.

Halafu kuna suala la kulipa kwa awamu. Chukua chuo cha wanafunzi 800, kila mmoja akichangia shilingi 10,000: bajeti inaonyesha 8,000,000. Lakini kama katika robo ya kwanza ya mwaka ni wanafunzi 300 tu waliolipa, kilichopo ni 3,000,000. Mhasibu anaposema fedha hazijaingia, pengine anasema kweli tupu. Swali lenu linatakiwa kuwa: zilizokwisha kuingia ni kiasi gani?

Andikeni barua kupitia kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mhasibu, mkiomba vitu vitatu: makisio ya mwaka yanayoonyesha kasma inayobeba michezo, makusanyo halisi ya mchango huo hadi robo iliyopita, na matumizi yaliyofanyika pamoja na uhamisho wowote kwenda kasma nyingine. Uhamisho si wizi. Sheria inauruhusu kwa kibali, na kibali huacha karatasi. Mkiona uhamisho usio na karatasi, pelekeni suala kwenye kikao cha menejimenti ambacho rais wenu anahudhuria.

Tarehe nazo ni muhimu kuliko hasira. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Maoteo ya mwaka unaofuata huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la kutenganisha kasma ya michezo lifike mezani Novemba, Desemba mkichelewa sana. Serikali nyingi za wanafunzi huja na ombi zuri mwezi wa Mei, wakati vitabu vya bajeti vimeshafungwa, kisha Juni uongozi unabadilika na ombi linazaliwa upya mwaka unaofuata. Kwa hiyo waziri anayetoka aache jalada kwa anayeingia.

SWALI: Ni mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu, Kasulu. Maabara yangu haina vitendanishi, lakini jezi mpya zimenunuliwa. Nikilalamika, wenzangu wananijibu kwamba Marekani mpira ndio unaolipia vyuo. Ni kweli?
*Mkufunzi, Kasulu*

JIBU: Hapana, Mwalimu, si kweli. Sababu zake zinafaa kujulikana, maana hoja hiyo inarudiwa sana kwenye vikao vya bajeti.

Pesa ipo, tena nyingi. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani kilichoanza mwaka 1906, kiliongeza mwaka 2016 mkataba wake wa televisheni kwa mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume: dola bilioni 8.8 kwa miaka minane, hadi 2032. Lakini taarifa za NCAA wenyewe kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba kati ya vyuo zaidi ya 350 vya Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu ya mashindano yake, ni kama ishirini hivi tu ambavyo idara zao za michezo huingiza zaidi ya zinachotumia. Vilivyobaki hufidiwa, ama na mfuko mkuu wa chuo, yaani fedha ambazo zingeweza kwenda kwenye masomo, ama na tozo anayolipa kila mwanafunzi, anayecheza na asiyecheza. Ukiangalia vizuri, tozo hiyo ni ndugu wa mchango wetu wa shilingi 10,000.

Hata kule kwenye faida, faida hiyo huzunguka ndani ya michezo yenyewe. Mpira wa miguu wa Kimarekani na kikapu hulipia kuogelea, riadha, mieleka na makocha. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha wa chuo. Gavana yuko chini yake. Na tangu Julai 1, 2025, baada ya mahakama kupitisha suluhu ya kesi iitwayo House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, vyuo vinavyoshiriki vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo ukiwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa kwanza. Pesa hiyo inatafutwa, na baadhi ya vyuo vimeanza kubana timu ndogo.

Wapo waliokata shauri kinyume. Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa na timu ya kuogopwa, kiliufuta mpira wa Kimarekani mwaka 1939 chini ya rais wake Robert Hutchins, na hadhi yake ya kitaaluma haikushuka. Spelman, chuo cha wanawake kilichoko Atlanta, kilijitoa kwenye mashindano ya NCAA mwaka 2013. Kilikuwa kinatumia karibu dola milioni moja kwa mwaka kwa wanamichezo wapatao 80, wakati chuo kina wanafunzi zaidi ya 2,000. Fedha zile zikahamishiwa kwenye mazoezi na afya kwa wanafunzi wote. Uamuzi wa Spelman ndio unaotufaa zaidi huku kwetu, kwa sababu haukuwa wa kuua michezo. Walibadilisha nani anafaidi.

Turudi Kasulu. Vitendanishi na jezi havitakiwi kushindana kabisa. Vitendanishi ni mahitaji ya mtaala na vinapaswa kuwa kwenye kasma ya vifaa vya kufundishia, ambayo tungeshauri isiguswe kwa jambo lingine lolote, sawasawa na fedha za kuwasimamia wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Jezi ziwe kwenye kasma ya michezo inayotokana na mchango wa michezo. Zikinunuliwa kwa kasma yako, una hoja nzito. Zikinunuliwa kwa mchango wa wanafunzi, hazijakunyang'anya kitu. Tatizo lako liko kwenye makisio ya maabara, na hapo ndipo pa kupambania.

Kuna jambo moja ambalo vyuo vya ualimu hulisahau. Mipira, koni, filimbi na magodoro ya sarakasi yanayotumika kumfundishia mwalimu-mwanafunzi namna ya kufundisha somo la michezo ni vifaa vya kufundishia, kama vile mizani ya maabara. Vikiwekwa kwenye kasma ya michezo, timu ya chuo inanyonywa na taaluma kimyakimya. Vitenganisheni kwenye leja: mipira ya darasani na mipira ya timu.

SWALI: Nafundisha michezo chuo kimoja Kigoma. Kila mwaka tunapeleka timu ya mpira wa miguu na ya netiboli kwenye mashindano Tabora, na kila mwaka pesa zinaisha kabla ya fainali. Naomba mnipangie bajeti ya safari inayoeleweka.
*Mwalimu wa Michezo, Kigoma*

JIBU: Tukae kwenye hili kwa muda, Mwalimu, kwa sababu safari ndiyo inayomeza michezo ya vyuo vyetu.

Anza na watu. Wachezaji 18 wa mpira na 12 wa netiboli ni 30. Msafara wa kawaida huongeza makocha wawili, mkuu wa msafara, mhudumu wa afya na dereva: 35. Siku tano za mashindano na siku moja ya kwenda na moja ya kurudi ni siku saba, usiku sita.

Chakula cha wachezaji kwa 12,000 kwa siku: 30 mara 7 mara 12,000 ni 2,520,000. Posho ya kujikimu ya watumishi hufuata waraka wa serikali unaotumika wakati huo. Kwa mfano wetu tuweke 100,000 kwa usiku: 5 mara 6 mara 100,000 ni 3,000,000. Hebu zisome tena hizo namba mbili. Watu watano wanatumia zaidi ya wachezaji thelathini. Hakuna aliyeiba, posho ni haki ya mtumishi aliye safarini. Ila kila jina la mtumishi unaloliongeza kwenye orodha ni sawa na chakula cha wachezaji saba kwa safari nzima.

Mafuta: usikadirie kwa macho. Chukua kilomita za safari iliyopita kwenye kitabu cha gari, jumlisha na mizunguko ya mjini kati ya malazi na viwanja, ambayo wengi husahau. Tuseme jumla ni kilomita 1,000 na basi linakwenda kilomita 4 kwa lita: lita 250. Kwa 3,000 kwa lita ni 750,000. Ada ya ushiriki, tuweke 300,000. Malazi kwenye mabweni ya shule au chuo mwenyeji mara nyingi si ya kulipia, lakini maji, kuni na usafi havikwepeki: 300,000. Sanduku la huduma ya kwanza, bandeji za kukaza, barafu na dawa za maumivu: 150,000.

Jumla 7,020,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, 702,000, unafika 7,722,000.

Sasa kumbuka chuo cha wanafunzi 800 tulichokitumia hapo juu, chenye 8,000,000 kwa mwaka mzima, tena kama wote wamelipa. Safari moja imebakiza 278,000. Wanafunzi 770 waliobaki chuoni wanagawana shilingi 361 kila mmoja kwa mwaka, na wao walichangia 10,000 sawa na waliosafiri. Hapa ndipo msimamo wetu ulipo: safari zisizidi nusu ya kasma ya michezo. Nusu nyingine iwe ya uwanja, mipira na mashindano ya ndani, bweni kwa bweni, darasa kwa darasa. Chuo kisichoweza kusafiri kwa nusu hiyo kisafiri mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, au kipeleke timu moja, kwa zamu.

Pa kupunguzia papo. Mkuu wa msafara anaweza kuwa kocha wa timu mojawapo: 600,000 zimeokolewa. Usimwondoe mwanamke mtu mzima anayeongozana na timu ya wasichana, hata kama bajeti imebana; kama kocha wa netiboli ni mwanamume, mhudumu wa afya awe mwanamke. Dereva naye msimgeuze mpishi. Anatakiwa alale.

Kuhusu pesa kuisha kabla ya fainali, sababu ni kwamba wengi hupanga bajeti ya hatua ya makundi kwa matumaini kuwa wakifuzu "chuo kitatuma". Hati ya malipo haipandi basi. Andikeni kwenye dokezo la awali siku za hadi fainali, kisha mkitolewa mapema mrudishe salio. Kurudisha ni rahisi kuliko kuomba.

Masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla ya matumizi, hutolewa kwa jina la mtumishi mmoja, naye ndiye atakayeyarejesha kwa stakabadhi. Kinachomwangusha ni risiti. Mama wa sokoni anayekuuzia unga, maharage na dagaa hana mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, na mkaguzi hatakubali karatasi ya daftari kwa kilo 120 za unga. Wekeni mapatano ya chakula na mzabuni mmoja mwenye mashine, au mlipe chuo mwenyeji kinachopika kwa namba yake ya malipo. Stakabadhi zigandishwe kila jioni, si siku ya kurudi. Mtumishi asiyerejesha masurufu hatapewa mengine, na mwaka unaofuata timu inakosa wa kusafiri nayo.

Barabara ya Uvinza, Kaliua na Urambo mvua zikishika inahitaji siku ya akiba na tairi la ziada lililojazwa upepo kweli. Reli ni njia nzuri pia, ila ratiba ya treni ithibitishwe kwanza, halafu ndipo muandike tarehe kwenye dokezo.

SWALI: Sisi wasichana wa netiboli tunaambiwa tusubiri wavulana wakishapata. Uwanja wetu hauna hata mistari. Je, kuna kanuni ya kugawa?
*Nahodha wa Netiboli, Urambo*

JIBU: Dada nahodha, kanuni ya haki ni kuhesabu vichwa: wanaocheza ni wangapi wa kila upande, na wanaotaka kucheza ila hawana kifaa ni wangapi. Marekani walilazimika kutunga sheria mwaka 1972, maarufu kwa jina la Title IX, inayokataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia, na michezo ikaingia humo. Ilibadilisha hali ya wanamichezo wa kike katika nchi nzima. Nyinyi mnaweza kuanza na orodha yenye majina, namba za usajili na sahihi.

Tena mna hoja ya gharama. Ukijumlisha mistari yote ya uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, unapata karibu mita 700 za kupaka. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, mistari yake yote, pamoja na nusu duara mbili na duara la kati, ni kama mita 156. Milingoti miwili yenye ringi za kipenyo cha milimita 380, kimo mita 3.05, fundi wa kuchomelea hapo Urambo anaitengeneza kwa bomba la chuma siku moja. Mwambieni achomelee ringi ikae mbele ya mlingoti kwa milimita 150, na vitako viwe vizito au vifukiwe; mlingoti unaotikisika huanguka kichwani mwa mtu.

Angalizo kwa wapaka mistari: msitumie chokaa ya ujenzi. Ikilowa jasho au mvua inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Tumieni rangi nyeupe ya maji iliyopunguzwa makali kwa maji. Upana wa mstari wa netiboli ni milimita 50, hivyo kamba mbili zilizonyooshwa na brashi vinatosha.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha sita, anakimbia mita 5,000. Mtu amesema atamtafutia ufadhili wa chuo Marekani, anataka milioni mbili kwanza. Nimpe?
*Mama, Tabora*

JIBU: Shikamoo, mama. Usimpe.

Njia yenyewe ni ya kweli. Suleiman Nyambui, aliyeiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow 1980, alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Hasheem Thabeet, mchezaji wa kikapu, alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenda NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Lakini vyuo vile huajiri makocha wa kutafuta vipaji, na kijana anaweza kuwaandikia mwenyewe bila wakala.

Afahamu kwanza kwamba ufadhili wa michezo huwa mara nyingi ni wa sehemu. Hadi 2025, chuo cha Divisheni ya Kwanza kiliruhusiwa jumla ya ufadhili kamili 12.6 tu kwa riadha ya wanaume, wanawake 18, na kocha alikuwa anaumegamega kwa wakimbiaji thelathini au zaidi. Sasa vyuo vilivyojiunga na suluhu ya kesi ya House tuliyoitaja hapo juu vina ukomo wa idadi ya wachezaji badala ya ufadhili, lakini pesa ya riadha haijawa nyingi kwa hilo. Vyuo vya Divisheni ya Tatu na vile vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vikongwe vyenye jina, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vinatoa msaada kwa kuangalia kipato cha familia, ambao kwa mtoto mwenye ufaulu mzuri unaweza kuwa mkubwa kuliko wa mbio.

Kwa hiyo masomo yanakuja mbele ya miguu. NCAA hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 (kwa kipimo chao cha hadi 4) kwa Divisheni ya Kwanza, 2.2 kwa ya Pili. Vyeti hukaguliwa na kituo chao cha uhakiki, na mwanafunzi anajisajili mwenyewe mtandaoni. Aandae cheti cha kidato cha nne, matokeo ya shule yaliyogongwa mhuri, muda wake wa mbio kutoka mashindano rasmi yenye matokeo yaliyochapishwa (muda wa saa ya mkononi wa kocha wa shule haumsaidii sana), na video fupi ya mbio.

Kocha akijibu, mwanao aulize hivi: ufadhili ni asilimia ngapi ya gharama zote? Unahuishwa kila mwaka kwa masharti gani? Nikiumia? Unalipa bima ya afya, chakula na vitabu? Majibu yawe kwa maandishi. Nje ya ufadhili bado kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, viza na tiketi ya ndege. Masharti ya viza ya wanafunzi kwa Watanzania hubadilika, kwa hiyo yaulizwe ubalozini kabla familia haijauza ng'ombe hata mmoja.

SWALI: Kampuni ya kubashiri imejitolea kutupa jezi seti mbili. Tupokee?
*Katibu wa Michezo, Kigoma*

JIBU: Tunashauri mkatae. Mwanafunzi mwenye mkopo mkononi si mtu wa kuvalishwa tangazo la kamari, na chuo kinachovaa jina hilo kimeshakubali kulitangaza bwenini. Tafuteni wengine: benki yenye akaunti za wanafunzi, mtandao wa simu, duka la vifaa vya ujenzi. Makubaliano yawe ya maandishi kati ya mfadhili na chuo, si kati ya mfadhili na kocha. Yataje idadi, saizi, nembo inakaa wapi na kwa muda gani. Vifaa vikifika viingizwe kwenye leja ya stoo siku hiyohiyo, na pesa taslimu ipite kwenye namba ya malipo ya chuo.

SWALI: Uwanja wetu ni wa changarawe. Mpira haumalizi mwezi. Tununue wa bei gani?
*Mkufunzi, Kibondo*

JIBU: Bei si hoja, aina ndiyo hoja. Mpira laini wa kushonwa unaotengenezewa nyasi huchanika nyuzi zake kwenye changarawe. Nunueni wa raba uliofinyangwa kwa mazoezi, na wa kushonwa mmoja au miwili ya mechi tu. Namba 5, mzingo sentimita 68 hadi 70.

Kinachoua mipira mingi ni upepo. Kipimo cha sheria ni kati ya atmosfia 0.6 na 1.1 za kanieneo, yaani msukumo wa hewa ndani ya mpira. Ukiujaza asubuhi mpaka ukawa jiwe, jua la saa nane linaongeza kanieneo na mishono inaachia. Sindano ya pampu ilowekwe kwa maji au mate kabla ya kuingizwa. Sindano kavu huchana vali, na mpira wenye vali mbovu haurekebishiki kwa bei ya maana. Kwa chuo kinachonunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, wekeni maelezo haya ndani ya ombi la ununuzi. Mkiandika "mipira 10" peke yake, mzabuni ataleta ya bei nafuu kuliko yote na hamtakuwa na msingi wa kuikataa.

Kila mpira uandikwe namba kwa wino usiofutika, utoke stoo kwa sahihi na urudi jioni hiyohiyo. Uliopasuka urudishwe stoo nao, ukae na vifaa chakavu hadi ufutwe kwenye leja kwa utaratibu, ndipo ombi la kununua mwingine liambatane na namba yake.